Kulabu Niliyoitia Maji

Alhamisi, 9 Mei
Binti yangu kaambiwa leo: mtihani ni Jumatatu. Afue kulabu ya winchi peke yake, itundikwe mzigo wa tani moja mbele ya mkaguzi. Ikishika, anapata cheti cha fundi kamili. Ikikatika, mwaka mwingine mzima wa uanagenzi. Nimeshamwambia jirani yangu mshonaji kwamba cheti kimetoka. Kilichobaki ni siku tu.

Ijumaa, 10 Mei
Nimemfundisha mshonaji kazi ya kufua chuma. Kinatiwa motoni mpaka kina rangi ya chungwa lililoiva, kinalazwa juu ya fuawe, kinapigwa nyundo kingali laini. Hakimiminwi kwenye kalibu kama uji! Kinapigwa, kinashikamana ndani kwa ndani, ndiyo maana kinabeba. Ekseli za magari, spana, majembe, minyororo — vyote hivyo. Nikasema kavifua binti yangu. Akauliza kama na cherehani yake pia. Nikamwambia nitaulizia.

Jumamosi, 11 Mei
Mshonaji kanichokoza — eti binti yangu huko karakana anawachemshia wenzake chai tu. Nikamshika mkono, hao tukaenda. Mafundi wametoka kula, binti yangu kaenda kunawa. Na kulabu yake je? Imefukiwa kwenye pipa la majivu! Kazi ya mwanangu, izikwe kama kiazi? Nikaitoa kwa koleo. Bado nyekundu. Sasa mgeni ataishikaje? Nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Chwaaa! Mvuke mpaka darini. Mshonaji akaishika, akaipima uzito kwa mikono miwili. Raha niliyoipata! Nikaifukia tena majivuni, tukatoka tunanyata.

Jumapili, 12 Mei
Tukiwa mezani nikamuuliza binti yangu, kijuujuu tu, majivu yale ya nini. Akasema kulabu inapoa humo polepole. Ukiipoza ghafla kwa maji inakuwa ngumu, lakini inavunjika kama sahani. Nikapaliwa. Akanipiga mgongo, maskini, akaniletea maji. Maji tena!
Nikamwendea mshonaji. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza ni nani watakaosimama karibu na huo mzigo.

Jumatatu, 13 Mei
Nimefika mapema. Binti yangu alikuwa ameshaanza kuifunga kulabu kwenye winchi, msimamizi wake pembeni. Nilipanga hotuba ndefu, na sifa zangu kidogo humo ndani. Ikatoka hii:
"Mwanangu, hiyo kulabu niliitia maji juzi, ingali nyekundu. Nilitaka mshonaji aishike."
Msimamizi akatazama saa. Binti yangu akanitazama mimi. Kisha akaifungua, akairudisha motoni. Lazima iive upya, ndipo ipoe taratibu. Na mkaguzi anakuja saa nne!
Hakunifukuza. Kanivika aproni ya ngozi, kanikalisha kwenye mvukuto wa kukanyaga, unaopuliza moto. Ndiyo naandika hivi — mguu kazini, daftari pajani, jasho mpaka kwenye karatasi. Kulabu ndiyo kwanza inaanza kuwa nyekundu.
Mkaguzi kaingia. Kawahi robo saa nzima. Anauliza kwa nini kulabu iko motoni, na huyu mama ni nani.
Binti yangu hata hakugeuka. "Mwanagenzi wangu, mzee. Kaanza leo, na anakanyaga kivivu."
Nimekaza mguu. Mkaguzi anavuta kiti, asubiri ipoe.