Picha ya Heshima

Mama yangu, Aayo,

Shikamoo. Kwenye simu siku hizi huiitikii. Unampa kaka Daudi simu na kwenda zako kwa kuku. Ndiyo maana nimeiandika kwenye karatasi, ikae hapo mbele yako mpaka utakapoiitikia. Wifi Martha, wewe unayemsomea, soma polepole na usiruke kitu, hata pale utakapokuta jina lako.

Habari za Maretadu? Mvua zimeanza, au bado mnatazama mawingu tu? Na goti lako la kushoto linasemaje? Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vinapasuka kwa baridi. Baridi ya huku Denmark siyo ile ya kwetu, ambayo mtu akikaa jikoni karibu na mafiga inamwacha. Hii inakufuata mpaka kitandani. Kazi ni ile ile ya kukamua, ila mashine ndizo zinazokamua, mimi nasafisha chuchu na kuzivalisha mipira. Ng'ombe wa huku hawana majina, wana namba masikioni. Kuna mmoja mwenye baka jeupe usoni, nimempa jina la ng'ombe wako yule mkorofi, na kweli ananipiga mateke kama yeye.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana najua umeshakunja uso.

Daudi ameniambia umeacha dawa za presha. Ameniambia vitenge vyako vizuri umewagawia akina mama wa kwaya, na mtamba umemkabidhi Martha mbele ya majirani. Mbegu za maharage, ambazo hakuna mtu aliyewahi kuruhusiwa kuzichagua isipokuwa wewe, ziko kwenye gunia hazijaguswa. Nilipomuuliza sababu, akasema ulimpa maneno ya kuniletea: "Mwambie Marselina nimeiona picha yake. Nimeelewa."

Mama, hujaelewa. Wala sikulaumu, kwa sababu hata mimi ningeelewa hivyo hivyo.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Mwenye shamba hili ana mama yake mzee, tunakunywa naye kahawa. Siku moja akaniomba nimwonyeshe mama yangu. Nikatafuta kwenye simu yote. Nikakupata ukiwa umeinama shambani, mgongo tu unaonekana. Nikakupata kwenye harusi ya Daudi, mkono wa mtu umekufunika nusu ya uso. Yule bibi akauliza unafananaje. Nikaanza kumweleza, nikafika kwenye lile kovu la shavuni ulilolipata kwa tawi la mgunga, nikakwama. Sikukumbuka ni shavu lipi. Nililia zizini siku hiyo, Mama, nimeshika mpira wa maji, na ng'ombe wananitazama. Mtu anawezaje kusahau uso uliomfundisha kucheka?

Ndipo nikampigia Daudi nikamwambia atafute mpiga picha wa kweli, mwenye studio, siyo vijana wa simu. Akanipatia namba ya Bwana Hamisi wa Dongobesh. Nikaongea naye mwenyewe. Nikamwambia nataka picha ya mama yangu, kubwa, ya fremu, nyingine ibaki nyumbani na nyingine anitumie. Nikamwambia: nataka picha ya heshima. Tena nikamhimiza awahi, kabla mvua hazijaharibu barabara.

Hilo neno ndilo lililotuponza. Mimi nilimaanisha picha ya mtu aliyekaa vizuri, amevaa, ametulia, siyo ya kuviziwa na jembe mkononi. Yeye akasikia heshima za mwisho.

Juzi nilimpigia nikiwa na hasira, unanijua mdomo wangu. Nilimwambia maneno ambayo Martha asingeweza kukusomea. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema kwa upole: "Dada, mimi huku sijawahi kuitwa kwa mzee kukiwa na furaha tu. Wananiita wakishaambiwa hospitali. Na wewe ukasema niwahi."

Nikamwomba radhi. Kwetu fremu kubwa ya mzee tumeiona wapi, kama siyo mbele ya jeneza, imebebwa na mjukuu? Kwa hiyo alikuja na vyombo vyake vya siku zote, akatundika kitambaa cheupe ukutani, na wewe ukakiona ukafikiria sanda. Akakuambia usicheke. Akakuuliza jina lako kamili na mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu ndivyo anavyoandika chini ya picha zake zote. Na fremu ilipoletwa ikawa na jina lako, na mwaka, na mstari mdogo, na baada ya mstari pakaachwa wazi.

Kusoma ulikojifunza kwa watawa ni kidogo, lakini namba hakuna wa kukudanganya. Martha aliniambia ulipitisha kidole juu ya mwaka, juu ya mstari, kikafika pale pasipoandikwa, ukamuuliza: "Hapa wamemwachia nani aandike?" Yeye akaenda kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Mama, sikiliza. Hakuna siri. Uliyoambiwa wewe pale zahanati ndiyo niliyoambiwa mimi: presha, chumvi kidogo, kidonge kila asubuhi. Hakuna daktari aliyemwita Daudi pembeni. Hakuna kikao cha watoto. Lakini sitaki kukudanganya hata kidogo, maana ukinikamata kwa dogo hutaniamini kwa kubwa. Baba alipofariki tulihangaika kutafuta picha, ikabidi wakuze ile ya kadi ya kupigia kura, jicho moja limefumba. Mimi nilimuaga Baba kwenye kioo cha simu, na hata hapo nilimuaga mtu asiyefanana naye. Nilipompigia Bwana Hamisi, hilo nalo lilinipita moyoni. Lilipita tu, kama mtu anavyopita njiani bila kubisha hodi. Nilichotaka ni uso wako wa sasa, niutazame nikiamka, siyo nikiwa msibani.

Na sasa ona, kwa kutaka kukuona nitakupoteza. Umechukua picha ukaifanya hukumu. Waswahili husema kufa hakuna miadi, lakini wewe umejiwekea miadi na unaiendea kwa miguu yako. Kuacha dawa siyo kukubali mapenzi ya Mungu, Mama. Ni ukaidi, na ukaidi huo naujua kwa sababu nimeurithi.

Bwana Hamisi amekubali kutengeneza fremu nyingine yenye jina lako tu. Daudi atampelekea ile ya kwanza, usiitunze kabatini. Mtamba umwachie Martha kama umempa kwa moyo. Kama umempa kwa kuaga, Martha, mrudishe zizini kwa mama leo leo. Mwenye shamba amenikubalia likizo baada ya ng'ombe kumaliza kuzaa. Nitakuja nile maharage ya mbegu ulizochagua wewe, siyo mtu mwingine.

Msalimie kaka Daudi, mwambie sina kinyongo, ila siku nyingine aulize kabla ya kumleta mtu na kitambaa cheupe. Msalimie Mjomba Paskali, mdogo wako, na umwambie lile koti nimelipata. Shangazi, dada yake Baba, mpe shikamoo yangu na umwombe aache kuleta uji wa wagonjwa nyumbani kwa mtu anayetembea. Katekista naye asiseme tena sala za kukuombea safari njema.

Nimalizie na jambo moja. Picha yako ninayo, nimeitundika karibu na dirisha. Kovu liko shavu la kulia, sitasahau tena. Umekaa wima, hucheki, macho yanamkaripia Bwana Hamisi. Mkono wa kushoto umelazwa juu ya goti. Wa kulia umefumbwa. Niliutazama sana ule mkono, nikadhani ni hasira, mpaka Martha aliponieleza. Mpiga picha alikukuta umeshatoa kidonge cha asubuhi, maji bado hujaletewa, akakuambia kaa hapa usitikisike. Ukakishika. Baada ya picha ukakirudisha kwenye kopo, na tangu siku hiyo hujakitoa.

Kwa hiyo kila nikiamka nakuona hapo, kidonge kiko mkononi. Fumbua mkono, Mama. Martha anakuletea maji.

Mwanao,
Marselina