KUMBUKUMBU ZA KIKAO KUHUSU FAILI ZA SAUTI KUTOKA MSIMBATI

UMOJA WA VISIMA VYA PWANI
Kamati ya Dawati la Msaada
Jumamosi, 14 Machi 2009, ofisi ya Chikongola, Mtwara

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Kasiani Chilumba – Mwenyekiti
2. Bi. Yustina Mbena – Katibu na msimamizi wa kompyuta ya dawati
3. Bw. Elia Mwakyoma – Fundi wa pampu (mchumba wa Katibu, ndoa ni baada ya Pasaka)
4. Bw. Ramadhani Likwena – Karani, Kilambo
5. Bi. Husna Nampota – Karani, Msimbati (hajaolewa)

ASIYEHUDHURIA
Bi. Saida Mtopa – ana msiba

KUMB. NA. 1/2009: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi, baada ya kumsubiri Bi. Husna. Alipofika alimkabidhi Fundi kikapu cha pweza mkavu mbele ya wajumbe wote. Kikapu hicho hakikuwa kwenye ajenda.

KUMB. NA. 2/2009: KIRUSI
Katibu alieleza kwamba kompyuta ya dawati ililala siku tisa kwa sababu karani wa Kilambo aliambatisha faili ya .exe kwenye taarifa ya kisima. Bw. Ramadhani alijitetea kwamba aliletewa na shemeji yake, ikasemekana ni maua yanayocheza kwenye kioo, akaona dawati nalo lifurahi. Mwenyekiti alimwambia dawati si la kufurahi.
Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba kuanzia sasa mfumo upokee maandishi (.doc, .pdf) na picha (.jpg), na kwamba .exe ikataliwe.

KUMB. NA. 3/2009: FAILI ZA SAUTI
Katibu alipendekeza faili za sauti (.amr) nazo zikataliwe. Alisema ni nzito, zinakwamisha modemu, na zinatoka Msimbati peke yake.
Fundi alipinga. Alieleza kwamba Bi. Husna huirekodi pampu kwa simu ikiwa inapigwa, na yeye akiisikiliza hapa Chikongola hujua abebe kifaa gani. "Ikilia kwi-kwi ni beringi. Ikikohoa, mpira wa chini umeliwa. Picha itaniambia nini? Pampu nzima na pampu mbovu picha ni moja."
Bw. Ramadhani alilalamika kwamba Msimbati hutengenezewa ndani ya siku mbili ilhali Kilambo husubiri wiki mbili, kwa sababu simu yake hairekodi. Alisema kama Kilambo hawana, na Msimbati wasiwe nayo, wote tukose tujue moja.
Katibu aliarifu kwamba amezisikiliza faili zote kumi na nne. Fundi aliuliza alizisikiliza kwa kazi gani. Katibu alijibu kwamba yeye ni msimamizi wa kompyuta, akaifungua ya tarehe 9 Machi wajumbe wasikie. Zilisikika dakika mbili za pampu ikikohoa, kisha sauti ya Bi. Husna: "Umesikia inavyoteseka, fundi? Njoo basi, pweza atakwisha." Wajumbe walicheka. Katibu hakucheka.
Bi. Husna alisema: "Dada Yustina, hebu niangalie. Watu wangu wanakunywa maji ya chumvi, watoto wanaharisha. Mimi fundi namtaka wa pampu. Huyo mwingine kaa naye."
Katibu alisema, na iandikwe hivyo hivyo, kwamba roho inamuuma. Kwamba mtu huyu akivaa spika za masikioni hutabasamu peke yake, na kwake hajawahi kutabasamu hivyo hata akipelekewa chai. Fundi alieleza kwamba hutabasamu akiutambua ubovu. Katibu alisema, "Wewe! Ubovu gani huo wa kuchekewa?"
Mwenyekiti aliomba utulivu, akaitisha kura. Waliotaka sauti ikataliwe: Katibu na Bw. Ramadhani. Waliopinga: Fundi na Bi. Husna. Mwenyekiti alitoa kura ya uamuzi upande wa Katibu, kwa sababu ya modemu. Sauti ilikataliwa.

KUMB. NA. 4/2009: UTEKELEZAJI
Mwenyekiti alimuuliza Fundi atafanyaje kazi. Fundi alijibu kwamba, kwa kuwa sauti haitamfikia tena, itabidi aifuate. Msimbati kuna pampu sita, na kila moja lazima aisikilize kwa sikio lake kabla ya kuigusa.
Mwenyekiti aliagiza Fundi akae Msimbati Jumatatu hadi Alhamisi, kila wiki, mpaka mwisho wa mwaka. Aliuliza atalala wapi. Bi. Husna alisema chumba cha uani kwa mama yake kiko wazi.
Katibu aliomba Kumb. Na. 3 ifunguliwe upya, akisema faili hizo pengine si nzito kama alivyodhani. Mwenyekiti alisema kura ikishapigwa imepigwa, na mwenye hoja alikuwa Katibu mwenyewe. Kisha alimuuliza, "Hilo la chumba umeliandika?"
Katibu alijibu kwamba ameliandika.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 6:25 mchana. Kumbukumbu zilisomwa papo hapo. Hakuna aliyezipinga isipokuwa aliyeziandika.

K. Chilumba (sahihi)
Mwenyekiti

Y. Mbena (sahihi)
Katibu