Makobo ya Mama Neema

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia na mikono yote mbili. Magoti inaendelea namna gani? Na Neema wangu, angali anakohoa, ao Mungu alisaidia? Mi huku ng'ambo mwili ni muzima, lakini roho iko na uchungu, na ni wewe tu naweza kuambia.

Unakumbuka patron wa restaurant alisema: "Fanya wageni baje, nitakupa ile chumba ya nyuma, ulete mutoto wako." Basi akatia mu telefone yake ile AI, mashini unaisemesha nayo inajibu, akanipatia. "Wewe njo mupishi. Itengeneze menyu."

Nikaisemesha mu Kiswahili yetu. Nikaitajia chakula: bukari, sombe, lengalenga. Kufika ku makobo, ile samaki ya mawese ulinifundisha, ikauliza tuiite namna gani. Nikasema ya Mama Neema, juu batu bote hapa njo vile banaita mi. Ikaandika mu Kiingereza na mu Kibemba. Ilikuwa muzuri, Mama. Bakanisomea, machozi ikatoka.

Wageni bakaja. Ba ku ofisi, ba kuuza samaki, bote: "Leta ya Mama Neema." Bibi ya patron akaanza kununa. "Neema ni nani hapa? Mutoto ya hii nyumba ni Chanda." Siku ile ile patron akaambia telefone ibadilishe. Haikukawia. Sasa ni Makobo ya BanaChanda, mu Kibemba ni kusema mama ya Chanda. Mi niko ku moto, bibi anatoka mbele anasalimiwa. Juzi mugeni alimuuliza anapika namna gani. Akacheka: "Mungu alinipa mikono." Mikono ile haijatoa hata gamba moja ya samaki.

Na ile chumba ya nyuma, sasa analala dada ya bibi. Patron akaniambia: "Mama Neema, usikasirike, ni jina tu." Na yeye mwenyewe njo vile ananiita.

Nilikasirikia telefone kwanza. Lakini yenyewe iliandika tu ile iliambiwa.

Basi unishikie mutoto tena kidogo. Jana niliazima telefone ya Mado, mwenzangu wa kuosha sahani, nikaiambia initengenezee menyu ndogo, chakula tatu tu, na juu kabisa Mama Neema. Nawaza meza moja kule Kabuta, pale mitumbwi inafikia. Ikauliza mahali ni wapi. Nikasema bado. Ikaandika: "Mahali: bado." Mado alicheka. Mi nilitaka kucheka, kicheko ikakatala.

Salimia baba mudogo na nyavu zake, na shangazi wa chumvi, na dada mukubwa na tumbo yake, azae muzuri. Neema, umuite jina lake kwa nguvu kila asubuhi, hata kama yuko karibu. Huku sasa banaliita mu kikoni tu, wakati banataka sahani.

Ni mi mutoto wako, mama ya Neema.