Harusi ya Ndivani

Jumanne, 15 Oktoba 2024
Ukuta wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia, umepasuka! Ufa wa kuingiza mkono mzima. Mvua ikilijaza bwawa kabla hatujaziba, maji yote yatashukia mashamba ya bondeni, na maharage yangu ndiyo ya kwanza. Zamani mwenyekiti wetu wa ndiva, Mzee Tumainieli, angepuliza pembe na mlima mzima ungekuja kwenye msaragambo, kazi ya pamoja. Sasa kifua kinamsumbua. Kasema, Beatha, wewe ndiye katibu, waite huko kwenye simu zenu. Nimetuma kwenye grupu, na picha ya ufa. Watu mia mbili na kumi mle. Watakuja tu.

Jumatano, 16 Oktoba
Wanne. Wanne! Na mmoja ni mimi.
Ujumbe wangu umefunikwa na harusi ya Chande, yule mwimbaji wa Dar. Keki, gauni, mashemeji — meseji mia tatu. Jirani yangu Justa wala haoni haya: eti ufa hakuuona, ila gauni kaliona, mkia wake mita sita. Nilitaka kumnunia. Nikaishia kumwomba anionyeshe. Zuri kweli.

Alhamisi, 17 Oktoba
Nimepata akili. Nimetuma: "Video nzima ya harusi ya Chande itaonyeshwa ndivani kesho saa moja asubuhi. Kiingilio: jembe au jiwe." Nimeipakua kwa bando langu mwenyewe.

Ijumaa, 18 Oktoba
Watu sitini na tatu! Wamecheka, wamenitukana kidogo, wamefanya kazi. Video tumeitazama kumi kumi, simu nimeiegemeza kwenye sufuria la makande. Mzee kauliza huyu Chande ni mtoto wa nani. Nikamwambia si wa huku. Kasema basi tumshukuru hivyo hivyo. Palipopasuka tumebomoa, na nusu ya ukuta mpya imesimama. Nina raha, jamani!

Jumamosi, 19 Oktoba, saa nne asubuhi
Mungu wangu. Ujumbe wangu umeteremka kutoka hapa Vudee hadi Hedaru, kule tambarare, na njiani umedondosha jembe. Sasa unasema: "Harusi ya Chande ni leo, Vudee, ndivani. Wote karibuni." Nimetumiwa na shangazi yangu wa Same mjini, tena analalamika sikumwalika!
Rodgers wa bodaboda keshapandisha abiria mara saba. Saruni, mfugaji wa kule tambarare, kaja kwa miguu na mbuzi wa zawadi. Kamwamkia Mzee, kauliza bwana harusi yuko wapi. Mzee wangu huyu, asiyekosa ibada hata Jumapili moja, kamjibu: marahaba, yuko njiani, hebu nishikie jiwe hili. Saruni kashika. Wote wameshika! Wanaimba.

Saa sita
Mtendaji wa kijiji kapiga simu. Mama, kusambaza uongo ni kosa, kanusha sasa hivi. Anasema kweli. Aibu imenijaa, hasa nikimtazama yule mbuzi. Nimeandika: "Ndugu zangu, nisameheni, hakuna harusi. Aliyeanzisha ni mimi, Beatha."
Wingu limeshakifunika kilele cha Shengena. Ukuta umebakiza hatua mbili kuisha. Justa anapiga kelele kutoka juu: Fuso imefika kona ya shule, imejaa vijana, wana mikono hao!
Ujumbe uko tayari hapa. Bado sijautuma.