Siku Walipokudhani Mumiani

Mpendwa Baba Asha,

Katika miaka yote tuliyoishi pamoja, siku ile ya Malolo tuliizungumza mara moja tu, tena kwa kifupi. Leo nataka kuisimulia mpaka mwisho. Huna tena namna ya kunikatiza.

Asha alikuwa bado ananyonya. Mashamba ya karanga ya Wazungu pale Nachingwea yalikuwa yamekwisha nguvu, matrekta yanaota kutu, na katika nyumba moja waliyoiacha ndimo mlimowekwa ninyi walimu mliochaguliwa kujifunza kazi mpya. Vijana wa kwetu walikuwa wameanza kuitwa vyuo vya ualimu, wazazi hawana ada, na baraza la wilaya lilikubali kuwasaidia wasiojiweza. Lakini nani hajiwezi? Hiyo ndiyo kazi mliyofundishwa: kwenda majumbani, kuuliza, na kurudi na taarifa ya kweli.

Jioni ulikuwa unanifanyia mazoezi mimi. Wewe kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka, Asha mapajani.

"Mama, hii mikorosho ni yenu au ya ukoo?"

"Nani mwingine anakula katika nyumba hii?"

Tulikuwa tunacheka. Ila ulipofika kwenye afya ya mtoto, maana chuo hakikutaka mgonjwa, ukauliza kama ana ugonjwa wa damu, nikaacha kucheka.

"Hilo usiliulize hivyo," nikakwambia.

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Mgeni akiniuliza habari za damu ya mwanangu, nitamficha."

Ukasema mimi mwoga. Kweli nilikuwa mwoga, na miaka ile nani hakuwa? Tangu yaingie magari ya karanga na watu tusiowajua, habari za mumiani zilienea kila kijiji: kwamba wako watu wanaozunguka na mabegi, wanakamata watu na kuwanyonya damu, damu ikafanywe dawa. Nyumbani kwetu Likunja, mama alikuwa hatuachii kwenda kisimani mmoja mmoja. Wewe baba yako alitoka kwa Wareno, ng'ambo ya Ruvuma. Ulikuwa Mmakua, Kimwera, lugha ya kwetu, ulikijua cha kuombea maji tu. Hukujua mambo haya yanavyosemwa watu wakiwa peke yao.

Mafunzo yalipokaribia kwisha mkatumwa wawili wawili. Wewe na Mwalimu Saidi mkapewa upande wa Ruangwa. Uliondoka kwa baiskeli, kaptula ya kaki imenyooka, begi la kuazima mgongoni. Nilitaka kukuita urudi. Sikukuita.

Siku chache baadaye, mchana, Saidi alirudi peke yake, shati limechanika.

"Shemeji," akasema, "wamemshika mumeo kijijini Malolo. Wanasema ni mumiani."

"Yu hai?"

"Nilimwacha yu hai."

Alikuwa ameshapita bomani. Wamemwambia askari watakwenda kesho. Nikaona kesho ni mbali. Nikamfunga Asha mgongoni, tukaomba nafasi kwenye lori la Mhindi lililokuwa linafuata ufuta Ruangwa. Njia nzima nilikuwa ninahesabu mambo ambayo hayahesabiki: nani atakuosha, kama kuna cha kuosha. Kutoka Ruangwa tukashika njia ya miguu. Tulipoanza kuona mapaa ya Malolo, Saidi akasimama. Akasema wakimwona tena watawaua nyote wawili, wewe na yeye. Sikumlaumu. Nikaendelea.

Walikuwa wamekuketisha chini uani, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Huna shati. Nyusi moja imepasuka. Wanaume wamekuzunguka na mapanga, na vitu vya begi lako vimetawanywa kwenye vumbi. Mama mwenye nyumba, Bi Somoe, sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga kelele.

Niliwaamkia kwa Kimwera. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia.

"Huyu ni mume wangu," nikasema.

"Mumiani nao wana wake," akajibu mmoja.

"Alimuuliza mwanangu kama ana ugonjwa wa damu," Bi Somoe akasema. "Anataka damu yake ya nini?"

Mzee mmoja akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nikamtaja baba yangu, nikataja Likunja. Wakanong'ona. Bibi mmoja akasema anaifahamu nyumba ile, mwanawe alichezwa unyago pamoja na dada yangu. Lakini mapanga hayakushuka. Asha alikuwa analia mgongoni.

Sijui nani alinipa wazo. Nikamfungua Asha mgongoni, nikamweka mapajani pako. Nilikuwa naogopa, Baba Asha. Mtu mmoja akirusha panga, linawapata nyote wawili. Ulishindwa kumshika, ukainamisha kichwa tu. Akakugusa kidevu akanyamaza. Yule bibi akasogea, akamtazama mtoto, akakutazama wewe.

"Kafanana naye," akasema. "Mfungueni."

Nilitaka tukimbie hapo hapo. Wewe ukasema, "Sijamaliza." Kijana wa nyumba ile, Hasani, angekosa nafasi ya chuo kama ungerudi bila taarifa yake. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, kalamu ikawa inadondoka. Basi niliuliza mimi, kwa Kimwera, nawe ukawa unaandika polepole. Maswali yote nilikuwa nayo kichwani. La afya nililiacha la mwisho.

"Mwanao huwa anaumwaumwa?"

Bi Somoe alitazama chini. "Homa za utotoni. Sasa mzima."

Hasani alikwenda chuo. Baadaye alifundisha Chiola miaka mingi.

Njiani kurudi uliniambia, "Nilijikojolea, Mama Asha. Waliona wote." Nikakwambia mimi sikuona. Niliona. Hatukuyazungumza tena.

Nilidhani utaiacha kazi. Hukuiacha. Kila kiangazi ulitoka kwenda kwenye nyumba za watu, na kila kiangazi nilipika chakula nisichokila mpaka nisikie kengele ya baiskeli. Hukuuawa na mtu. Ulikufa kitandani kwako, mzee, nimekushika mkono. Siku ile, katikati ya msiba, nafsi yangu ilisema: sasa basi, hofu imekwisha.

Haikwisha. Mjukuu wetu Zuhura ameajiriwa katika chuo kimoja, ofisi ya kuwasaidia wanafunzi waliokosa ada. Wamempeleka mafunzoni, baadaye atazunguka vijijini kuzijua hali za familia. Ameniaga leo asubuhi akienda huko mafunzoni, amevaa vizuri, anacheka kama ulivyokuwa unacheka wewe. Nilimwambia awe anaamkia watu vizuri. Ya Malolo sikumwambia. Ningesema nini? Kazi ni njema, na bila kazi hiyo Hasani angebaki kupalilia ufuta.

Lakini jua limeshapinduka na hajapiga simu. Naogopa, mume wangu. Wewe nilikufuata. Yeye, miguu hii haitamfikia.

Pumzika mahali pema.

Mimi mkeo,
Mama Asha