Bendera Nyekundu ya Ruiru

Dada Nyambura mpendwa,

Maporomoko ya Chania unayoyaona kwenye picha ya kadi hii sijayaona mimi. Nilichoona ni geti la reli la Ruiru.

Jana nilitoka Thika kwa baiskeli kwenda kuulizwa maswali ya ile kazi ya ualimu niliyoiombea mwaka mzima. Getini mlinzi alikuwa ameteremsha mti wa kuzuia njia. Treni haikuonekana wala kusikika. Mkono wake mmoja ulishika bendera nyekundu, na wa pili uliwasaidia watu kuvusha baiskeli zao juu ya mti.

"Bibi, unangoja nini?" mlinzi akaniuliza.

"Bendera."

"Hii? Hii ni ya motokaa!"

Motokaa haikuwapo hata moja. Mchungaji mmoja akakunja suruali, akavuka, akanigeukia. "Vuka, binti yangu. Mungu mwenyewe anaona hakuna treni."

Nikabaki peke yangu nusu saa nzima, mpaka treni ya mizigo ikapita.

Shuleni nikamkuta mchungaji yule yule. Ndiye mwenyekiti wa kamati. "Umechelewa," akasema. "Mwalimu lazima afuate sheria."

"Nilikuwa nazifuata, Mchungaji. Uliniona."

Wanakamati wakatazama meza. Kazi amepewa kijana aliyefika mapema, kwa baiskeli, akitokea upande ule ule wa reli niliosimama mimi.

Tangu jana najiuliza kama ningengoja tena. Nadhani ningengoja, na hilo ndilo linaloniudhi.

Narudi Jumamosi. Mwambie Mama taratibu, asilie, na mniwekee sahani ya irio. Nawapenda nyote.

Mdogo wako,
Wanjiru