Jina Chini ya Picha

Hollenmoor,
3 Oktoba 1897

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo. Natumaini goti lako limetulia, maana baridi imeanza, na kwamba tanuri jipya halikutoi jasho kama lile la zamani. Mimi ni mzima, ila pua imebabuka kwa jua na upepo. Mama Gesche, mwenye nyumba wangu, anasema hata ng'ombe wake wana akili ya kutafuta kivuli.

Najua unangoja habari za maonyesho ya Bremen, ingawa hutauliza. Sharti lako sijalisahau: picha yangu ikipewa mahali pa heshima, nibaki huku, ikitupwa juu karibu na dari, zinakotundikwa picha za wanawake, nirudi Verden nishike duka la mikate. Na vyovyote itakavyokuwa, jina la Harjes lisionekane kwenye picha. Ulisema wanawake wachore maua ya kwenye vikombe, mawingu wawaachie wanaume.

Basi nilichora mawingu. Kiangazi chote nilikaa kinamasini, mwavuli nimeufunga kwa kamba na mawe. Wachimbaji wa udongo mweusi unaochomwa badala ya kuni walipita wakinitania: "Dada, mbingu hiyo bado haijakauka tu?" Nikawajibu kwamba ikikauka nitawaita waje kuikunja. Siku upepo ulipoiangusha picha kifudifudi, walikuja mbio kuinyanyua, na hakuna aliyecheka. Chembe za udongo huo zilinasa katika rangi, nikaziacha. Ni za pale pale.

Mwalimu wangu alinishauri nitie herufi ya kwanza tu ya jina langu, ili waamuzi wanidhanie mwanamume. Sikumsikiliza, na wewe pia sikukusikiliza, Baba. Niliandika Alwine Harjes, herufi zote, kwa rangi nyekundu. Kama ni kushindwa, nishindwe mimi mwenyewe.

Waliipokea. Imetundikwa katika ukumbi mkubwa, usawa wa macho, na hakuna anayepinda shingo kuitazama. Nilipoiona niliketi palepale sakafuni na gauni langu la kanisani. Nimeshinda, Baba, na ninasema hivyo bila haya.

Sasa neno nililoliweka mwisho. Jumapili nilisimama nyuma ya nguzo nisikilize watu watasema nini. Akaingia mzee mmoja, kofia mkononi, akichechemea. Alisimama mbele ya picha yangu muda mrefu, kisha akainama mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Mlinzi akamwambia, "Mzee, rudi nyuma." Mzee hakusogea. Akamjibu, "Rudi wewe. Hilo jina ni langu."

Sikujitokeza. Nilikuwa nalia, na nilijua ungeniambia umekuja Bremen kununua unga.

Nisalimie shangazi Beke. Sirudi dukani, lakini Krismasi nitakuja kukuona. Niwekee keki ya siagi, kile kipande cha pembeni.

Akupendaye, binti yako,

Alwine Harjes